Kuleta mpiga kinubi kwa harusi Nairobi: anza na mlango, nyimbo baadaye

Kwa kamati ya harusi ya dadangu mimi ndo niliachiwa muziki. Sikuomba. Nilichelewa mkutano mmoja pale Buruburu, kufika nikapata mwenyekiti ameshaniandika kwa daftari, chakula wamegawana, magari wamegawana, imebaki muziki na vyoo, na vyoo vilikuwa vimedakwa na mtu mwerevu. Halafu dadangu, ambaye tangu utotoni hajawahi kutaka kitu rahisi, akasema hataki kibodi, hataki saksafoni, anataka kinubi. Mjomba akauliza, kile cha Daudi? Eeh mjomba, karibu hicho.

Harusi iliisha vizuri, na tangu hapo nimepigiwa simu na watu kadhaa wakiuliza nilifanyaje, juu Nairobi hii ukisema unataka dijei utaletewa kumi kabla chai ipoe lakini ukisema unataka mpiga kinubi watu wanakuangalia tu. Nimechoka kurudia. Hii hapa yote, na makosa yetu humo ndani.

Kitu moja ushike kabla hujapiga simu yoyote: kinubi ni kizito, na sauti yake ni ndogo. Ni hayo tu. Karibu kila kitu kilichotusumbua kilitoka kwa moja ya hayo mawili. Watu wanaanza kupanga na nyimbo, hata mimi nilianza hapo, wiki mbili nzima kwa matatu nikisikiliza vitu kwa simu, kumbe nyimbo ndo sehemu rahisi. Kazi iko kwa mlango kitapitia, mahali kitakaa, na nani atanyamaza ndio kisikike.

Hatua ya 1: amua ni kinubi gani

Ukisema kinubi tu, mpigaji atakuuliza kipi. Kuna kile kikubwa cha pedali, kile cha okestra, chenye nguzo mbele ambayo mara nyingi imepakwa rangi ya dhahabu. Hicho kina nyuzi 47, urefu unakaribia mita 1.8 na kitu, uzito ni kilo 35 hadi 40, yaani kama gunia moja la simiti ukitoa kidogo, lakini gunia ambalo hutakiwi kuligonga mahali popote. Chini kina pedali 7, kila moja na noti yake, akiikanyaga nyuzi zote za hiyo noti zinapanda ama zinashuka nusu toni kwa pamoja. Ndo maana anaweza kuhama kii, yaani ile ngazi ya sauti wimbo umekalia, katikati ya wimbo na wewe hata usijue kitu kimetokea huko chini.

Halafu kuna cha leva. Hicho ni kidogo, nyuzi kuanzia ishirini na kitu hadi 38 hivi, na kila uzi una kaleva kake huko juu ka kugeuza na mkono. Mtu mmoja anakibeba. Ubaya wake ni wimbo ukianza kuhamahama kii, mkono mmoja lazima uache kupiga uende kugeuza leva, kwa hivyo kuna nyimbo atakwambia hapana. Lakini kwa tenzi, kwa nyimbo za mapenzi za kawaida, kwa muziki wa kulainisha wageni wakila, cha leva kinatosha kabisa na kwa wageni 200 labda ni mwalimu mmoja wa muziki atagundua. Ukiona mpigaji ana vyote viwili, muache yeye achague akishaambiwa mahali penyewe. Usilazimishe kikubwa juu ya picha. Sawa, dadangu alilazimisha kikubwa juu ya picha. Na picha zilitoka poa, siwezi danganya.

(Watoto watauliza mbona nyuzi zingine zina rangi. Nyekundu ni do na nyeusi ama bluu ni fa, ndio mpigaji asipotee. Sasa una jibu. Na wakitazama vizuri wataona hatumii kidole cha mwisho.)

Sasa hapa nisimame kidogo. Kabla hujatumia pesa nyingi kutafuta kinubi cha Ulaya, jiulize kama kile watu wenu wanataka kusikia si nyatiti, kile cha Waluo. Shemeji wetu ni wa Siaya. Kwenye kikao cha pili babake akauliza kwa upole tu, "Na nyatiti itakuwako?" kikao kikanyamaza, juu hakuna mtu alikuwa amefikiria. Nyatiti ni nyuzi 8, mpigaji anakaa chini kwa kigoda, ana njuga mguuni na pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anaigonga kwa mti wa nyatiti yenyewe, kwa hivyo mtu mmoja anakupatia nyuzi, ngoma na sauti ya kuimba. Watu wa muziki watakusahihisha kwamba hiyo ni ya ukoo mwingine, si ndugu wa damu wa kile cha pedali, juu ya venye nyuzi zimefungwa kwa mti wa juu na kupita juu ya ngozi. Sawa, lakini kwa Kiswahili zote ni kinubi na tusigombane. Wakisii wana obokano, kubwa, sauti nzito ya chini kabisa, Wabukusu wana litungu. Kama umewahi kusikia Ayub Ogada, yule aliyefariki 2019, unajua nyatiti inaweza kuwa nyororo kushinda vitu vingi vinavyoitwa vya harusi.

Maoni yangu: usichukue nyatiti kama kinubi cha watu hawana pesa. Ni kitu kingine na kazi yake ni ingine. Kinubi cha pedali kinawafanya watu wanyamaze, nyatiti inawafanya wajibu. Sisi tuliweka cha pedali kwa ibada na wakati wa kungoja, nyatiti baada ya chakula. Nikirudia leo nitafanya hivo hivo, isipokuwa saa tu, nitafika huko.

Hatua ya 2: nenda uangalie mlango

Kabla hujaongea na mpigaji, enda mahali ibada itafanyiwa na mahali pa risepsheni ukiwa na tepu ya kupima. Usitumie kumbukumbu. Mimi nilisema kanisa halina ngazi, nimesali hapo miaka sita, kufika nikahesabu ngazi saba.

Angalia gari litasimama wapi na kutoka hapo hadi ndani ni hatua ngapi na ni juu ya nini. Kinubi kikubwa kinasukumwa kwa toroli yake ya magurudumu mawili, na kwa sakafu ama lami kinaenda vizuri sana, lakini kwa kokoto, kwa nyasi zilizonyeshewa, kwa zile kabro zimeinuka, hapo ni kubeba, na kubeba ni watu wawili wanaosikiliza mpigaji sio vijana wanne wenye nguvu na haraka. Ngazi hivo hivo. Lifti ipime, juu kinubi kikubwa kimeshinda watu wengi urefu.

Halafu mahali pa kukaa. Anahitaji kama mita 2 kwa mita 2, chini pawe sawa, kiti kisicho na mikono, na kivuli. Kivuli sio cha saa tatu asubuhi wakati umeenda kutembelea, ni cha ile saa atapiga, kwa hivyo enda saa hiyo hiyo ama uulize mwenye bustani jua linazunguka vipi. Jua likipiga nyuzi na mbao zinabadilika na sauti inatoka kwa njia. Baridi ya Limuru nayo hivo hivo, ule unyevu wa asubuhi, kitu kimetoka kwa gari lenye joto kinaingia kwa ukungu, lazima kipewe muda kizoee halafu ndo kisawazishwe. Kwa bustani zenye mteremko, na huko Karen na Kiambu Road nyasi nyingi zina mteremko hata kama kwa picha hauonekani, wekeni plaiwudi chini na mtu aikanyage aone haitingishiki. Upepo nao uufikirie, juu ukipita kwa nyuzi 47 zinaanza kuimba zenyewe.

Na harusi ya Aprili ama Novemba bila hema, hiyo si mpango wa kinubi. Ukiwa na hema sawa, ila jua mvua kubwa ikipiga hema ama mabati hata padri hasikiki, sembuse kinubi.

Kama harusi yenu ni ile ya kusaini Sheria House pale Harambee Avenue na kwenda kula, wacha kinubi kingoje huko kwa chakula. Hicho chumba hakina mahali pake.

Hatua ya 3: kumpata

Wako wachache, kwa hivyo tarehe inafungwa mapema. Harusi nyingi zinaangukia Agosti na Disemba, na mpigaji ana Jumamosi nne tu kwa mwezi kama sisi wote. Miezi sita mbele ndo vizuri, mitatu ni kubahatisha.

Usianze kwa kuandika "natafuta mpiga kinubi" kwa grupu ya WhatsApp ya kamati, utatumiwa namba za wapiga gitaa. Anza kwa watu wanaoishi na muziki wa aina hiyo: walimu wa muziki, wanaopiga kwa okestra za hapa mjini, shule za muziki kama Kenya Conservatoire of Music ambayo iko tangu 1944. Wanajuana. Hata kama unayempigia hapigi kinubi, muulize anamjua nani, simu ya tatu ama ya nne itakufikisha. Wa nyatiti ni rahisi zaidi, ulizia kwa wasanii wanaofanya kazi Bomas ama Kenya National Theatre, na kama upande mmoja wa harusi ni watu wa Nyanza waulize wazee, watakupatia mtu na historia ya ukoo wake.

Ukishapata mtu, omba video ya harusi halisi, sio ile ya studio. Unataka kusikia anavyosikika watu wakiongea na mtoto akilia. Na muone uso kwa uso ama kwa simu ya video, muangalie kama anakuuliza maswali. Wetu swali la kwanza halikuwa bajeti wala nyimbo. Aliuliza, "Kuna ngazi ngapi?" Nikajua huyu amefanya hii kazi.

Hatua ya 4: kanisa na kwaya, mapema

Hii wengi wanairuka na inakuja kuwauma. Ongea na padri ama mchungaji kabla hujalipa chochote, juu makanisa mengine yana orodha ya nyimbo zinazokubalika ndani ya ibada na mengine yanataka nyimbo zote ziwe za ibada, na huwezi kupigana na hiyo wiki ya harusi. Beba majina ya nyimbo kwa karatasi.

Halafu mwalimu wa kwaya. Jamani, mwalimu wa kwaya. Kwaya ya parokia imeimbia watu hapo miaka na miaka, bure ama kwa soda, sasa wasikie tu juu juu kwamba kuna mtu wa kulipwa anakuja na kinubi. Hata mimi ningenuna. Mwendee wewe mwenyewe, na heshima zako, umuombe akusaidie kupanga nani anapiga wapi. Sisi tulikubaliana kwaya ishike misa yote na kutoka, kinubi kishike kuingia kwa bibi harusi na wakati wa kusaini. Akafurahi hadi akaomba wimbo mmoja wapige pamoja, na hiyo ikawa dakika tamu kushinda zote.

Kumbe hata bila siasa, huo mgawanyo ndo sahihi. Kinubi usikipe kutoka kanisani. Kutoka ni vigelegele, ni vuvuzela ya binamu fulani, ni wamama wameshashika leso, kinubi kitapotea hapo kama chumvi kwa bahari. Wapambe nao kama wanaingia na steps zao za kucheza, hiyo ni ya dijei. Bibi harusi ndo wa kinubi, juu hapo watu wenyewe wananyamaza. Na kusaini cheti, ile ya wanandoa na mashahidi kuinama mezani dakika kumi na tano hakuna mtu anaona kitu, hapo kinubi kinaokoa kila mtu.

Na nafasi nzuri kuliko zote, ambayo wengi hawaifikirii: wakati maharusi wameenda kupigwa picha. Unajua venye inakuwa. Wameenda Arboretum ama wapi, wamesema dakika arobaini, wanarudi baada ya masaa mawili, na wageni wameachwa kwa hema na soda moja na emsii anayerudia mzaha wa harusi ya wiki iliyopita. Weka kinubi hapo. Watu wanaongea polepole, wazee wanasikizana, hakuna mtu anayeangalia saa. Ukiwa na bajeti ya kipande kimoja tu cha siku, nunua hicho na uache ibada.

Hatua ya 5: pesa na karatasi

Bei sikupi, kila mtu ana yake na zinabadilika, lakini nitakwambia inajengwaje. Unalipa masaa atakayokuwa hapo, sio masaa ya kupiga. Unalipa gari, juu hiyo si kazi ya bodaboda, ni vani ama Noah imelazwa viti. Unalipa kuhama: kama ibada ni mjini na risepsheni ni Limuru, hiyo ni kupakia, kuendesha, kupakua na kusawazisha nyuzi zote upya, na wengine wanakataa kabisa kuhama mara mbili kwa siku moja, na usimlaumu. Unalipa wimbo mpya ambao lazima auandike upya kwa kinubi. Mwambie akutenganishie hizo zote kwa karatasi ndio ukikata ujue unakata nini. Sisi tulipunguza ya kuhama: kanisa na bustani vilikuwa barabara moja, akahama mara moja tu, mapema, wakati watu wanatoka kanisani na kurushiana maua.

Sisi tulilipa nusu ya kushika tarehe na nusu siku moja kabla. Usiweke nusu ya pili siku yenyewe, siku yenyewe mweka hazina atakuwa anatafuta pesa ya barafu. Ukituma M-Pesa angalia jina linalotokea ni la mtu uliyekubaliana naye, na kama siku hiyo hiyo unalipa hema, chakula na muziki kumbuka limiti ni 250,000 kwa kutuma mara moja na 500,000 kwa siku nzima, mweka hazina wetu alikwama hapo saa mbili usiku na mtu wa hema anapiga simu.

Mkataba hata wa ukurasa mmoja. Uwe na saa ya kufika, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nusu saa ya ziada ni ngapi. Hiyo ya ziada ndo muhimu, juu kadi inasema saa nne asubuhi na wewe unajua na mimi najua bibi harusi atatoka saluni saa nne na nusu. Kuwa mkweli kwa mpigaji, mwambie saa ya kadi na saa ya kweli. Dadangu alichelewa saa moja na dakika ishirini na tulilipa ziada bila maneno kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Andikeni pia harusi ikiahirishwa dipoziti inaenda wapi, akiugua anamleta nani, chakula chake na cha dereva, na nani analipa kinubi kikiangushwa. Na mstari wa jua na mvua: hapigi juani, hapigi kwa manyunyu, hata kama mama wa bibi harusi amesema ni kidogo tu.

Kwa kawaida watapiga dakika 45 hivi halafu wapumzike 10 ama 15. Usishangae, vidole ni vya mtu.

Hatua ya 6: sasa nyimbo

Fupi. Chagua nyimbo tatu unazozitaka kufa kupona, hizo zingine muachie yeye. Wimbo wa kuingia mpe angalau wiki sita kama hajawahi kuupiga. Ukitaka wimbo wa kwenu, wa Kikamba, wa Kiluhya, wa taarabu, mrekodie mtu akiimba pole pole na umtumie, usimtumie ile ya studio yenye ngoma juu ya ngoma. Nyimbo zenye zinasimama kwa sauti moja nzuri zinaenda vizuri kwa kinubi, zenye zinasimama kwa ngoma na besi zikihamishiwa huko zinabaki mifupa.

Na mwambie mapito ya kanisa ni mita ngapi. Wimbo wa dakika nne kwa mapito ya mita kumi, bibi harusi amefika na bado una mashairi mawili, lazima ajue atakatia wapi.

Hatua ya 7: sauti, na amani na dijei

Kwa kanisa la mawe lenye paa la juu, tuseme kama All Saints, kinubi kikubwa kinajibeba chenyewe watu wakinyamaza. Nje hakijibebi. Nje sauti inaondoka tu, safu ya tatu wanaona mikono ikicheza na hawasikii kitu. Kwa bustani lazima kuwe na maiki ndogo ya kubandikwa ama kitu cha kunasa sauti kinachowekwa kwa mwili wa kinubi, na spika moja ama mbili za wastani zimekaa mbele kidogo, sio yale makabati ya dijei. Muulize mpigaji kama ana zake. Wengi wanapenda zao. Na spika ya betri ni nzuri juu stima ikipotea kila mtu mwingine atanyamaza na yeye ataendelea, na utaonekana ulipanga.

Dijei muite kabla ya siku, mkae naye. Si adui, ila kazi yake inaanza na "cheki, cheki, moja mbili" wakati ule ule mpiga kinubi anasawazisha nyuzi, na huyu anahitaji nusu saa hivi ya utulivu kusikiliza nyuzi zake moja moja. Panga dijei amalize kujaribu vyombo saa moja kabla. Kubalianeni na ishara pia, kinubi kikianza dijei anazima kabisa, hashushi, anazima. Kushusha ndo wanapenda, unasikia mugithi mdogo chini ya kinubi kama redio ya jirani.

Emsii naye aambiwe asiongee juu yake. Utajaribu.

Hatua ya 8: siku yenyewe

Afike saa moja na nusu kabla, mbili kama kuna ngazi. Kuwe na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye namba yake anayo na ambaye hana kazi ingine. Pale mimi ndo niliharibu. Nilijipa hiyo kazi na zingine nne.

Ilikuwa hivi. Tulikubaliana nitasimama mlangoni, dadangu akiwa tayari nainua mkono, kinubi kinaanza. Jioni iliyotangulia kila kitu kilikuwa wazi, kutoka kwa kinubi hadi mlango unaona. Asubuhi watu wa mapambo wakaja na tao la maua, kubwa, zuri sana, wakaliweka katikati ya mpigaji na mlango. Hakuna mtu aliniambia, na mimi sikuenda kukaa kwa kiti chake kuangalia. Halafu dakika ya mwisho mtoto wa pete akapoteza kiatu, nikaenda kutafuta kiatu. Kurudi, dadangu na baba wameshafika katikati ya kanisa, kimya, unasikia tu viatu vyake kwa sakafu, ko, ko, ko. Mpigaji akaona shela ikitokea nyuma ya maua, akaingia na wimbo hapo hapo kama ndivyo ulivyoandikwa. Watu walilia. Dadangu mpaka leo anasema ile kimya ya mwanzo ilikuwa wazo zuri. Kama unasoma hapa dada, haikuwa wazo la mtu yeyote.

Kwa hivyo: asubuhi, mapambo yakishawekwa, kaa kwa kiti cha mpigaji mwenyewe na uangalie mlango.

Weka pia anti mmoja mkali karibu na kinubi wakati hakipigwi. Watoto watakuja, na kinubi kinasimama kwa miguu midogo, kikisukumwa kinaenda. Uzi ukikatika utasikia paa! na mtu atainama chini ya meza, usijali, wanabeba nyuzi za ziada, ila uzi mpya unalegea legea na atakuwa anaukaza kila wimbo.

Kuhusu nyatiti baada ya chakula, hesabu pakruok. Hiyo ndo ile mtu anatoa pesa, mpigaji anasimamisha wimbo, mtu anajisifu, anasifu ukoo wake, shemeji zake, ng'ombe zake, halafu wimbo unaendelea hadi mwingine atoe. Ni tamu kupita maelezo na haina mwisho. Sisi tuliipa dakika thelathini. Mpe saa moja na nusu na keki iwe imeshakatwa.

Mwisho ni kutoka. Kinubi kitoke kabla dijei afungue kucheza, na gari lake liegeshwe likiwa limeangalia geti, na askari wa geti ajue kuna vani itatoka mapema, juu wageni wanaegesha popote. Letu lilizibwa. Mpigaji amepakia, amefunga, anaaga, na nyuma yake kuna Probox nyeupe. Emsii akatangaza namba ya gari mara tatu. Ilikuwa ya mjomba, yule wa Daudi, na mjomba hakuja, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya nyatiti, mtu wa Machakos, ametoa elfu moja kusimamisha wimbo, na alikuwa bado hajamaliza kutuambia yeye ni nani.